Kapasita Kumi na Nne za Kompyuta ya Jineri

Habari za kufariki kwa Mama Rehana zilinikuta karakanani kwangu hapa Nyasubi, mjini Kahama, nikiwa nimeinamia televisheni ya mteja na chuma cha kulehemu kikiwa moto mkononi. Aliyepiga simu ni binti yake, Rehana, kutoka Kanada walikohamia miaka mingi iliyopita. Alilia kidogo, akaniambia mazishi yalikwisha kufanyika, akaniuliza kama nakumbuka mama yake alivyokuwa akikataa kuitwa fundi. Nilimwambia nakumbuka. Tulipoagana nilirudi kumalizia kiungo nilichokuwa nimekianza, kwa sababu mwanamke yule alinifundisha kwamba risasi ya kulehemu iliyoyeyuka nusu ni mbaya kuliko isiyoyeyuka kabisa. Kisha nikazima chuma, nikafunga mlango wa mbele mchana kweupe, nikakaa. Vijana ninaofanya nao kazi walidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Shinyanga, katikati ya miaka ya tisini, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Sitaeleza hapa jinsi wazazi wetu walivyoondoka. Hilo lina mahali pake. Inatosha kusema kwamba tanga lilipoanuliwa, ndugu wa baba walikaa kikao uani wakatugawa. Baba mdogo, aliyekuwa akichimba dhahabu huko Geita, angemchukua Masanja, mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na tatu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, angekwenda kijijini kwake na Milembe, mdogo wangu wa kike wa miaka minane. Mimi nilikuwa mkubwa, nimeacha shule kidato cha pili, na ingawa hakuna aliyetamka, nilijua mimi nilikuwa wa kuozwa.

"Wadogo zangu wanabaki na mimi," nilisema.

Shangazi aliinua uso. "Kabula, bebe! Wewe utawalisha nini?"

"Nina kazi mjini."

"Kazi gani? Kufagia duka la Mhindi? Hiyo hata mbuzi ukimfundisha anaiweza."

Watu walicheka, na ukweli ni kwamba alisema vizuri, hata mimi nusura nicheke. Lakini sikukaa chini. Nilibaki nimesimama mpaka kicheko kikaisha, na wao wakachoka kunitazama. Mwishoni Shangazi mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Mpeni mpaka pamba ya mwakani iuzwe. Nikija nikamkuta bado anafagia, nawachukua watoto wote wawili, na sitaki kelele." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuwaona watoto wa watu wengine wakilala na njaa kwa sababu mkubwa wao alikuwa na maneno mengi, na hakutaka kuona hayo kwa watoto wa kaka yake.

Duka lile lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha Baba Rehana, mume wa Mama Rehana: kaunta ya mbao, betri zimepangwa kama askari, tochi, mikanda ya redio, na dirisha la nondo alilopokelea redio mbovu. Alizipokea kwa sauti ya mtu anayepokea mgonjwa, akasema, "Fundi yuko nyuma, njoo Alhamisi." Wateja, hasa wachimbaji waliopita kutoka Geita, waliamini huko nyuma kuna bwana mmoja kutoka Mombasa mwenye hasira, asiyependa kuonwa. Kumbe huko nyuma alikuwa Mama Rehana, amevaa miwani iliyofungwa uzi, mtandio umetupwa begani, na meza ndefu mbele yake. Chumba kilinuka risasi na iliki. Ukutani zilining'inia bodi za redio zilizokufa, na rafuni kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vipuri vilivyong'olewa: kopo la transista, kopo la vidhibiti sauti, na makopo matatu ya kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme kwa kitambo na kuutoa taratibu. Alijua Kisukuma kuliko Masanja. Asubuhi nilipoingia na shikamoo yangu aliitikia marahaba, kisha akaongeza "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwetu, ili nione aibu kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuianza.

Miezi ya kwanza nilifagia kweli. Lakini nilifagia polepole karibu na meza ile, na siku moja alinipa bisibisi. Mchana tulikula pale pale. Yeye aliletewa kichuri, wali uliopikwa na choroko, na achari ya embe, mimi nilikuwa na michembe yangu, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na baada ya wiki chache tukawa tunabadilishana. Alisema michembe inamtuliza tumbo, nami sikumwambia kwamba kichuri chake ndicho kilichonifanya nisitoroke. Wakati wa kula mlango wa kati ulifunguliwa kidogo kwa ajili ya upepo, tukawa tunasikiliza maneno ya mbele.

"Baba Rehana, redio yangu ilikuwa inaimba, sasa inakoroma," alisema mchimbaji mmoja.

"Iliangukia wapi?"

"Haikuanguka. Ilishuka duarani."

"Ilishuka yenyewe?"

"Ilishuka na mimi. Mimi nilipanda, yenyewe ikabaki siku mbili."

Mama Rehana alifunika mdomo kwa mtandio asisikike akicheka. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Nilicheka naye, kisha nikamfikiria Masanja akishuka humo, nikaacha kutafuna.

Nilipomweleza habari za Shangazi hakunipa pole. Alisafisha miwani kwanza. "Mimi siwezi kumwambia shangazi yako kwamba wewe ni fundi. Nikisema, nitakuwa nimesema tu. Chukua kazi moja, ianze wewe, uimalize wewe, mimi sigusi. Ukiweza, kiti cha mbele dirishani ni chako. Watu wajue fundi ni nani." Nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakukaa dirishani miaka yote. "Mimi nimezoea kivuli," alijibu. "Wewe bado."

Kazi ikaja msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, juu ya baiskeli ya mizigo, imefungwa kwa mpira. Ilikuwa kompyuta. Mwalimu Stella, mwanamke mnene mchangamfu aliyewahi kuwa mpiga chapa wa serikali, alikuwa ameinunua kwenye mnada wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, ilikokaa stoo chini ya bati miaka saba. Alikuwa amefungua darasa la kupiga chapa mtaani Ngokolo na kubandika tangazo mlangoni: hapa panafundishwa kompyuta. Wasichana tisa walikuwa wameshajiandikisha. "Na yenyewe haiwaki," alisema. "Nawafundisha kwa kuwachorea kibodi kwenye karatasi. Jana mmoja ameniuliza kama kompyuta ndiyo hiyo karatasi."

Mimi sikuwa nimewahi kuigusa. Nilifungua kasha lake la umeme, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa, nikaona vitu ninavyovifahamu: waya, transfoma ndogo, na kapasita, nyingi kuliko redio yoyote. Na palinuka dagaa. Mama Rehana aliinua pua. "Kabula, tulikubaliana samaki haliwi mezani." Nikaapa sijala dagaa. Akanusa michembe yangu, akanusa kikapu, akamwita Masanja, aliyekuwa ametoka shule, akamnusa mikono. Siku mbili tulimshuku paka wa jirani. Siku ya tatu niliinamisha pua kwenye bodi, nikaikuta harufu ilikotoka: kapasita zilikuwa zimevuja. Joto la bati lilikuwa limezikausha, maji yake yametambaa juu ya bodi, yamekula rangi na alama zilizochapwa, na yalipokauka yalinuka kama soko la samaki. Tangu siku hiyo, hata leo, kifaa kizee kikifika kwangu nakinusa kabla ya kukifungua. Vijana wangu wananicheka mpaka wanaponusa na wao.

Nilizing'oa zilizovuja, nikaenda kwenye makopo ya maziwa. Ndivyo kila fundi wa mji ule alivyofanya. Kipya kilikuwa mbali, na redio iliyokufa ilikuwa shamba la vipuri. Nilitafuta zenye volti sawa au zaidi, kwa kuwa volti zikizidi si neno, zikipungua ni hatari, nikalehemu zote kumi na nne. Kompyuta iliwaka. Iliandika mstari wa kijani kiooni, Mwalimu Stella akapiga kigelegele mpaka Baba Rehana akaja kuona nani kajifungua. Alienda nayo Ijumaa. Jumatatu ikarudi juu ya baiskeli ile ile, kimya. Nilipima kapasita moja moja, nikaona nilichopaswa kuona mwanzo: zile za makopo zilikuwa na umri sawa na zile nilizozitoa. Nilikuwa nimemtoa kizee kazini nikaajiri kizee mwenzake. Mama Rehana alitazama sindano ya mita, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa amesema hagusi, na hakugusa.

Mpya zilipatikana wapi? Jibu lilikuja kupitia mlango wa kati. Mchimbaji mmoja alimwambia Baba Rehana kwamba huko kwao, Geita, yuko fundi anayehudumia spika za vilabu, na hakosi kitu. Mwalimu alitoa nauli na bei ya vifaa. Nililala Kahama, nikapanda lori la mahindi, nikafika machimboni mchana, nikiwa mweupe kwa vumbi. Fundi yule alikuwa kijana mwenye fulana iliyotoboka na vipuri vipya kwenye boksi la viatu, vingine bado vimefungwa kwenye karatasi zake.

"Dada, hapa muziki ukikatika wachimbaji wanavunja meza," alinieleza. "Na wenye vilabu wanafungulia sauti mpaka spika inalia. Kila wiki naua kapasita mpya. Ya kompyuta sijawahi. Inapiga muziki gani hiyo?"

"Haipigi. Inaandika."

"Basi hizi hapa zitapumzika." Akanihesabia kumi na nne, akaongeza mbili. "Za bahati mbaya," alisema.

Baba mdogo alinipokea vizuri. Alinipikia mwenyewe ugali na maini, akanionyesha duara lake kwa fahari, kamba nene ikishuka gizani. "Masanja hatashuka," aliniahidi. "Atavuta kamba tu huku juu." Niliitazama mikono ya wavutaji kamba, ilivyochubuka. Pembeni mashine ya kusaga mawe, wanaiita karasha, ilikuwa ikitema unga mweupe, na waliokuwa wakiulisha mdomo wake walikohoa wakicheka, wakicheka wakikohoa. Sikubishana naye. Nilimshukuru kwa chakula, wabeja sana baba, nikarudi na kapasita zangu zimefungwa kwenye kanga, nimezikumbatia njia nzima kama mayai.

Nilipofika nyumbani, kwenye chumba chetu cha Ngokolo, Milembe alikuwa na habari: Shangazi ametuma salamu. Pamba imeuzwa. Anakuja Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi jioni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mama Rehana alikuwa na sheria moja tu aliyowahi kuirudia: chora kabla ya kung'oa. Kila kapasita ina upande wa chanya na upande wa hasi, na ubavuni ina mstari unaoonyesha hasi. Ukiigeuza, inakufa, na haifi kimya. Mara ya kwanza nilipong'oa zile za jineri niliziweka mezani kwa mpangilio wake, nikafuatisha. Mara hii nilizing'oa zote kwa haraka nikazitupia ndani ya kopo, na alama za bodini zilikuwa zimeliwa. Lakini nilijua redio. Nilikuwa nimetengeneza redio mia na zaidi, na kwenye redio zote za siku hizo hasi huenda kwenye bati la mwili wa redio. Nikafuata mwili, nikageuzia mistari yote upande huo, kumi na nne, safi, viungo vinang'aa. Nilijisifu kimoyomoyo.

Jumamosi Shangazi aliingia kupitia mbele, akamsalimu Baba Rehana, akaletwa nyuma. Alikuwa na kikapu kitupu. Sikuhitaji kuuliza ni cha nguo za nani. Mwalimu Stella alikuwepo, Masanja na Milembe walikuwa wamekaa juu ya gunia. Shangazi aliketi, akalitazama dude lile mezani, akamuuliza Mama Rehana kwa Kisukuma, "Huyu anafagia vizuri?" Mama Rehana akamjibu kwa Kisukuma hicho hicho, "Siku hizi hafagii. Ananichafulia." Shangazi alishtuka kusikia lugha yake mdomoni mwa Mhindi, akasahau alilotaka kusema.

Nilianza na taa. Tulikuwa na balbu ya wati sitini iliyoungwa njiani kati ya soketi na kifaa: kikiwa na ubovu mkubwa, balbu huwaka kali ikabaki hivyo, kikiwa kizima, humulika mara moja ikafifia. Ilimulika, ikafifia. Nikaitoa balbu, nikachomeka moja kwa moja. Kioo kikaanza kupata rangi ya kijani. Mwalimu akashika kifua. Dakika moja, mbili, halafu paa! Kama fataki. Kifuniko cha kapasita moja kiliruka kikagonga bati la dari, moshi ukapanda, na nyuzi za karatasi zikamwagika juu ya bodi kama pamba ya daraja la pili. Milembe alipiga yowe. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni. Kutoka mbele Baba Rehana aliuliza, "Mko hai?" na mteja wake akasema, "Leo Mmombasa amekasirika kweli."

Shangazi hakuinuka. Alivuta kikapu karibu na miguu yake, akasema taratibu, "Masanja, nenda kakusanye vitu vyenu."

"Masanja, kaa," nilisema.

Ilikuwa mara ya pili katika maisha yangu kumpinga mtu mzima mbele ya watu. Masanja alitutazama wote wawili, akabaki na kalio nusu juu ya gunia. Nilimgeukia Mwalimu nikamwambia kosa ni langu, sikuchora, na sitamwambia ni umeme wa Shinyanga. Nilimwambia Shangazi, "Naomba unisubiri. Ukitaka kunichukulia watoto nichukulie nikiwa nimemaliza." Kisha nikawapa mgongo wote, kwa sababu nisingeweza kufikiri nikiwaona.

Kwa nini moja? Kumi na tatu zilikuwa nzima. Nilisafisha uchafu, nikaitoa iliyopasuka, nikawasha kwa kitambo kupitia balbu, nikaweka mita pale ilipokuwa: waya mweusi kwenye bati la mwili, mwekundu kwenye tundu. Sindano haikupanda. Ilirudi nyuma, ikagonga ukingo wa kushoto. Nikaijua sindano ile. Wazee wa vijijini walikuwa bado wanatuletea redio kongwe zenye mikoba ya ngozi, na katika hizo mwili ndio chanya. Zilikuwa zimeungwa kinyume na nyingine zote, na ukizipima kwa mazoea sindano inakimbia hivyo hivyo. Ndani ya kasha hili, katikati ya njia zilizoungwa kama redio za siku hizi, kulikuwa na njia moja iliyoungwa kama redio ya babu. Nilipima sehemu nyingine zote, nikakuta hiyo ilikuwa peke yake. Nikachukua moja ya zile mbili za bahati mbaya, nikaigeuza mstari uangalie mbali na mwili, nikalehemu. Ila kwanza nilichukua kalamu ya Milembe nikachora bodi nzima kwenye daftari lake la hesabu. Nilichora polepole. Nyuma yangu nilisikia Mama Rehana akivuta pumzi na kurudi kwenye kazi yake.

Balbu ilimulika, ikafifia. Nikachomeka. Dakika tano zikapita, kisha kompyuta ikalia pii, na alama ya kijani ikaanza kukonyeza kiooni. Mwalimu alisogea kwa tahadhari, akaandika jina lake kwa vidole kumi bila kutazama chini, na lilitokea. Hakupiga kigelegele safari hii. Alifuta macho kwa kiganja, akaandika na majina ya wale wasichana tisa, mmoja baada ya mwingine.

"Ulijuaje ni hiyo moja?" Shangazi aliuliza.

Nikamweleza: chanya, hasi, mwili, redio ya babu, sindano iliyorudi nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Sijaelewa hata neno moja," alisema. Akamtazama Mama Rehana kama anayetafuta msaada, hakupata. Akajifunga kanga upya. "Basi hiyo ni kazi."

Sikuthubutu kumuuliza kuhusu watoto. Alipitia sokoni, sisi tukatangulia nyumbani, Masanja akawasha jiko, Milembe akawa ananitazama usoni kila dakika. Lazima nieleze jambo moja kuhusu Shangazi: hakuwahi kupiga hodi kwetu. Nyumba ya kaka yake ilikuwa nyumba yake, na chumba cha watoto wa kaka vivyo hivyo. Aliingia akiwa anaongea, akafunua sufuria, akauliza chumvi iko wapi. Tulisikia ndala zake uani, na kama kawaida Masanja akasogeza kigoda. Lakini hakuingia. Ndala zilisimama mlangoni, nje, palipokuwa pazia tu.

"Hodi," alisema.

Tulitazamana.

"Hodi wenyewe," alirudia. "Mimi ni mgeni, nimetoka mbali. Hapa wanalaza wageni?"

Nilisimama, nikanyoosha kanga yangu, nikamfungulia pazia. "Karibu, Shangazi," nilisema. "Karibu kwetu." Akavua ndala, akaingia, akanikabidhi kikapu kwa mikono miwili kama anavyofanya mgeni kwa mwenye nyumba. Kilikuwa kimejaa unga.